Nyonga Bandia Inapolegea, Cha Kuokoa ni Mfupa

Kati ya nyonga bandia 100 zilizotimiza robo karne tangu kuwekwa, 58 hivi huwa bado zinafanya kazi. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2019 katika jarida la tiba la Lancet, baada ya watafiti kukusanya kumbukumbu za kitaifa za muda mrefu. Kwa mzee wa miaka 75 ni habari njema tupu, maana kiungo chake kina kila dalili ya kumaliza naye safari. Kwa mtu wa miaka 35 maana yake ni nyingine kabisa: ana nafasi kubwa ya kurudi chumba cha upasuaji angalau mara moja, pengine mbili, na kila safari atakuwa mkubwa zaidi wa umri na mfupa wake umepungua zaidi. Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2017 nchini Uingereza ulionyesha jinsi umri unavyogeuza hesabu. Waliowekewa nyonga baada ya miaka 70 walikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 5 wa kurudiwa upasuaji katika maisha yao yote, ilhali kwa wanaume waliowekewa wakiwa katika miaka ya mwanzo ya hamsini uwezekano huo ulifika kama asilimia 35. Kwa mgonjwa kijana, basi, upasuaji wa marudio haufai kupimwa kwa picha nzuri ya eksirei ya mwezi wa kwanza peke yake. Upimwe pia kwa kiasi cha mfupa unaomwachia daktari atakayefuata, na kwa kipimo hicho njia ya kurudishia mfupa uliopotea inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa sasa.

Mfupa haupotei kwa sababu mgonjwa ametembea mno, wala si lazima daktari awe amekosea. Unaliwa na mwili wenyewe. Kikombe cha plastiki kinaposuguana na kichwa cha chuma hutoa chembe ndogo mno, nyingi zikiwa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, nazo huingia kwenye tishu zinazozunguka kiungo. Seli za ulinzi huzimeza na kushindwa kuziyeyusha, kisha hutoa kemikali zinazoziamsha seli nyingine ambazo kazi yake ya asili ni kubomoa mfupa uliochakaa. Ubomoaji huo huendelea kwa miaka bila maumivu. Sir John Charnley, aliyeijenga nyonga bandia ya kisasa katika hospitali ya Wrightington huko Uingereza, aliyaona madhara ya chembe mapema sana. Kuanzia mwaka 1958 alitumia kikombe cha Teflon, nacho kikalika haraka kiasi kwamba wagonjwa wapatao 300 walilazimika kurudiwa. Akahamia kwenye plastiki ngumu zaidi, polithini, mwezi Novemba 1962, na ndiyo iliyoifanya tiba hii ienee duniani. Polithini ilipunguza chembe, haikuzikomesha. Ndiyo maana mwenye nyonga bandia hupaswa kurudi kupigwa picha hata asipohisi chochote: maumivu yakianza, mara nyingi kikombe kimeshalegea na ukuta wa mfupa nyuma yake umebaki mwembamba kama ganda la yai.

Daktari anapofika mahali hapo ana njia mbili kuu. Ya kwanza ni kujaza pengo kwa chuma. Huweka kikombe kikubwa zaidi, au kikombe kinachoongezewa vipande vya tantalumu vyenye vitundu kama mfupa, na ndani ya paja hushusha shina refu la titani linalovuka sehemu iliyoharibika na kushika mfupa mzima ulio chini yake. Njia hii ina faida za kweli nami sitaki kuzipunguza: ni ya haraka, inashika siku hiyohiyo, na viwanda vimeiboresha sana katika miongo miwili iliyopita. Lakini ili kikombe kikubwa kikae, mara nyingi hulazimu kuchimba mfupa kidogo uliobaki mpaka umbo likubali chuma. Shina refu nalo hushika chini, na mfupa wa juu usiobebeshwa uzito huendelea kunyong'onyea. Mwaka 1892 Mjerumani Julius Wolff alieleza kwamba mfupa hujijenga pale unapobeba mzigo na hupungua pale mzigo unapoondolewa, na hakuna nyonga bandia iliyowahi kusamehewa kanuni hiyo. Chuma cha marudio kikilegea baada ya miaka 15, kinachofuata ni chuma kikubwa kuliko hicho, kikishikiliwa na mfupa mdogo kuliko ule.

Njia ya pili ilianza katika mji wa Nijmegen, Uholanzi. Mwaka 1979 Tom Slooff na wenzake walianza kujaza mapengo ya kikombe cha nyonga kwa vipande vidogo vya mfupa wa binadamu, wakavishindilia kwa nguvu, kisha wakaweka juu yake kikombe cha plastiki kwa saruji ya mifupa. Mwaka 1987 madaktari wa Exeter nchini Uingereza, akiwamo Robin Ling, waliihamishia mbinu hiyo ndani ya fupa la paja. Ukiitazama kwa karibu, kazi yenyewe ni ya mikono na subira. Kwanza kiungo kilicholegea hutolewa pamoja na utando wote uliojijenga nyuma yake, na sampuli kadhaa hupelekwa maabara kuhakikisha hakuna wadudu wa maambukizi, kwa maana kupanda mfupa mfu mahali penye usaha ni kuwalisha wadudu hao. Ukuta uliotoboka huzibwa kwa wavu wa waya wa chuma cha pua uliokatwa kwa mkasi na kufungwa kwa skrubu ndogo, mpaka pengo lililokuwa wazi liwe na kuta. Mfupa uliobaki, ambao uso wake umekuwa mgumu na kung'aa, hutobolewa vitundu vidogo ili mishipa ya damu ipate pa kupitia. Kisha kichwa cha paja kilichohifadhiwa kwenye baridi kali husafishwa gegedu na kung'atwa kwa koleo kuwa vipande vya milimita 7 hadi 10. Vipande huoshwa mafuta, humiminwa kwenye pengo tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hugongwa kwa nyundo kupitia chuma chenye umbo la nusu tufe mpaka pasibonyee tena. Wahandisi waliokuja kuchunguza jambo hili walitumia vipimo vilevile vya udongo wa barabara, na majibu yao fundi yeyote wa kokoto angeyatambua: vipande vya ukubwa tofauti vilivyoshindiliwa vizuri hushikamana na kubeba mzigo kuliko vya ukubwa mmoja, na mafuta yakibaki katikati yake ngome hiyo huteleza.

Kwa nini vipande, wakati kipande kimoja kizima kingejaza pengo kwa dakika chache? Jibu limo katika moja ya habari za kufundisha sana katika historia ya upasuaji wa mifupa. Huko Boston, Marekani, William Harris alitumia vipande vizima vya kichwa cha paja, vilivyofungwa kwa skrubu, kusimamisha vikombe vilivyokosa ukuta. Miaka ya mwanzo matokeo yalipendeza na wengi wakaiga. Mwaka 1990 yeye na mwenzake walichapisha taarifa ya kuwafuatilia wagonjwa haohao kwa takriban miaka 12, na karibu nusu ya vikombe vilikuwa vimelegea. Damu haikuweza kupenya kipande kikubwa hadi kiini; mwili ukauvamia mfupa huo pembezoni, ukaulainisha, na mzigo ukamalizia. Nawaheshimu madaktari hao kwa kuyatangaza hadharani matokeo yaliyowaumiza wao wenyewe. Kipande kidogo hakina kiini cha mbali. Mishipa huingia kati ya vipande, seli za kubomoa hula kidogo, seli za kujenga huweka kidogo, na mzigo wa kutembea huuelekeza mfupa mpya mahali pa kusimama. Watu wa Nijmegen hawakulikisia jambo hili. Walilijaribu kwa mbuzi, halafu walipopata nafasi ya kuchukua sampuli kutoka kwa wagonjwa waliofunguliwa tena kwa sababu nyingine, walikusanya 24, za kuanzia miezi mitatu hadi miaka 15 baada ya upasuaji. Chini ya darubini sehemu kubwa ya mfupa wa kupandikizwa ilikuwa imegeuka mfupa hai wa mgonjwa mwenyewe, ingawa mabaki ya mfupa mfu na nyuzinyuzi hayakukosekana.

Ushahidi wa wagonjwa unaendana na wa darubini. Nijmegen waliporipoti vikombe 62 vya marudio vilivyofuatiliwa miaka 20 hadi 25, asilimia 75 ya vikombe vilikadiriwa kufikisha miaka 20 bila kuondolewa kwa sababu yoyote, na ukihesabu kulegea kusikotokana na maambukizi peke yake, asilimia 87. Kwa upasuaji wa marudio, miaka 20 ni umri mkubwa sana. Upande wa paja, ushahidi wenye uzito kwangu hautoki Exeter, kwa kuwa mvumbuzi na timu yake kwa kawaida hufaulu kuliko wanaowafuata. Unatoka Sweden, ambako mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya upasuaji 1,305 uliofanywa katika hospitali 30 kati ya 1989 na 2002. Hao ni madaktari wa kila aina, wa hospitali kubwa na ndogo, na bado baada ya miaka 15 takriban asilimia 94 ya mashina yalikuwa yangali mahali pake. Mbinu ambayo hospitali 30 zinaiweza inafundishika.

Hata hivyo, yapo matokeo yanayosema kinyume, nayo yanahitaji majibu ya kweli. Mwaka 2007 madaktari wa Amsterdam, mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka Nijmegen, waliripoti kwamba kati ya vikombe 71 walivyoviweka kwa njia ya kushindilia, 20 vilishindwa ndani ya wastani wa miaka saba. Hiyo ni asilimia 28. Anayetaka kuitupa mbinu hii ataanzia hapo, na ana haki. Lakini vilivyoshindwa vingi vilikuwa vya wagonjwa wenye mapengo makubwa mno, ambapo ukuta ulikuwa umeondoka au nyonga yenyewe imekatika katikati. Vipande vya mfupa havina nguvu mpaka vizungushiwe kuta zisizotikisika; mahali ambapo mfupa wa nyonga umegawanyika pande mbili, wavu wa waya ni ukuta wa jina tu. Hapo chuma chenye vitundu ndicho cha kutangulia, na mfupa ujazwe nyuma yake. Kosa la kumpa mbinu mgonjwa asiyefaa haliifanyi mbinu kuwa mbaya kwa anayefaa. Ndani ya paja nako kuna hatari zake: shina huweza kushuka milimita kadhaa katika miezi ya kwanza, na nyundo inayoshindilia inaweza kuupasua mfupa ambao tayari ni mwembamba, ndiyo maana daktari mwangalifu huufunga waya kabla hajaanza kugonga. Upasuaji unachukua muda mrefu, na mgonjwa hukaa na magongo wiki kadhaa. Bei hiyo ipo, na mgonjwa aelezwe kabla hajatia saini.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la umri. Bibi wa miaka 82 ambaye shina lake limelegea anahitaji kusimama kesho, kwa sababu kulala kitandani kwa umri wake ni hatari kuliko kulegea kwenyewe. Mfupa utakaokomaa baada ya mwaka mmoja na nusu haumsaidii. Kwake shina refu la titani ni tiba sahihi, na daktari anayemng'ang'aniza vipande vya mfupa anatibu picha badala ya mtu. Nchi tajiri, ambako wengi wanaorudiwa upasuaji ni wazee, zilielekea kwenye chuma kwa sababu hiyo na uamuzi wao una mantiki. Tatizo huanza pale uamuzi uliopimwa kwa mwili wa mzee wa Ulaya unapochukuliwa mzimamzima na kuvishwa mgonjwa wa Afrika.

Huku kwetu nyonga huharibika kwa njia nyingine. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na moja ya majeraha ya ugonjwa huo ni kuziba kwa mishipa midogo inayolisha kichwa cha paja. Kichwa kikikosa damu hufa, hubonyea, na kijana wa miaka 22 huanza kutembea kama mzee. Dawa za steroidi zikitumika kwa muda mrefu huleta balaa hilohilo, pombe nyingi vilevile, na VVU vimehusishwa nalo pia. Malawi, jirani yetu iliyoanza kuweka daftari la kitaifa la viungo bandia mwaka 2005, ilipochapisha kumbukumbu zake za kwanza iligundua kwamba sababu iliyoongoza ya kubadilishiwa nyonga ilikuwa kufa kwa kichwa cha paja, mbele ya kuchakaa kwa kiungo kunakowapata wazee wa Ulaya. Kwa hiyo wagonjwa wetu wanaanza safari hii wakiwa vijana. Taasisi ya Mifupa Muhimbili na hospitali nyingine kubwa za ukanda huu zinabadilisha nyonga, na kila kijana anayetoka huko akitembea vizuri anabeba mwilini hitaji la upasuaji wa pili ambalo tunalijua leo. Mfupa wake ndio akiba yake.

Akiba hiyo inajazwa kutoka benki ya mifupa, na hapa hofu ya watu ni ya haki. Mwaka 1985 nchini Marekani mtu mmoja aliyekuwa amepigwa risasi alitoa viungo na tishu baada ya kufa. Vipimo vya VVU vya wakati huo vilionyesha hana, kumbe alikuwa ameambukizwa karibuni mno. Wagonjwa wanne waliopewa viungo vyake waliambukizwa, pamoja na watatu waliopewa mfupa wake uliogandishwa bila kusafishwa. Tukio hilo linaonyesha faida ya mtoaji aliye hai: anaweza kupimwa tena. Mgonjwa anayebadilishiwa nyonga kwa mara ya kwanza hukatwa kichwa cha paja kwa vyovyote vile. Akiridhia, kichwa huwekwa kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, damu yake hupimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende, kisha hupimwa tena baada ya siku 180, na kwa kawaida hapo ndipo mfupa huruhusiwa kutumika. Vipimo vya kisasa vinavyotafuta chembe za urithi za kirusi vimeufupisha sana muda ule wa hatari ambao kingamwili bado hazijaonekana. Benki ikitaka tahadhari zaidi, mfupa hupigwa mionzi ya gama, kwa kawaida kilogrei 25, ingawa mionzi hupunguza kidogo uimara wake. Ninaona hili kuwa jambo lililo ndani ya uwezo wetu. Vipimo hivyo ni vilevile vinavyofanywa kila siku na huduma za damu salama. Majokofu ya baridi kali nayo si ndoto: chanjo ya Pfizer ilipokuja mwaka 2021, Rwanda, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu ziliyapokea ili kuihifadhi.

Kuna watakaosema kwamba kuzungumzia nyonga ya pili, wakati wengi hawajaipata ya kwanza, ni anasa. Nadhani wanayaangalia mambo kinyume. Benki ya mifupa hujazwa wakati wa nyonga ya kwanza, miaka kumi au kumi na tano kabla haijahitajika kwa wingi, na hospitali isiyo na benki inakichoma kichwa cha paja pamoja na taka nyingine za upasuaji. Hesabu ya fedha nayo haiko upande wao. Vipande vya tantalumu na mashina marefu ya titani vinaagizwa nje kwa fedha za kigeni, kimoja kimoja, kwa vipimo vingi ambavyo lazima vyote viwepo kabatini kabla ya upasuaji kwa kuwa hakuna anayejua kipi kitatosha. Njia ya kushindilia inahitaji wavu, saruji, kikombe au shina la kawaida, seti moja ya vyuma vya kushindilia inayotakaswa kwa mvuke na kutumika tena, na vichwa viwili au vitatu vya paja. Kinachohitajika kwa wingi ni ustadi, na ustadi ukishafundishwa haulipiwi ushuru bandarini.

Ugumu halisi uko kwenye chanzo cha vichwa vyenyewe, nao sijauona ukijadiliwa vya kutosha. Kichwa cha kijana wa selimundu kimekufa sehemu kubwa na hakifai kutegemewa kama mfupa wa kupandikiza, kwa hiyo kundi linaloongoza kubadilishiwa nyonga kwetu haliwezi kuilisha benki. Watakaoilisha ni wazee wenye viungo vilivyochakaa, na hasa wale waliovunjika shingo ya paja kwa kuanguka bafuni au kizingitini, ambao hupasuliwa na kuwekewa kichwa cha chuma. Hao wapo katika hospitali nyingi za rufaa, na wengi ni akina bibi. Mfupa wao umepungua nguvu kwa umri, lakini ukishindiliwa vizuri unatumika. Kuwapata kwa kipimo cha pili baada ya miezi sita ndiko kutakakosumbua zaidi: mtu aliyerudi kijijini, simu imebadilishwa, nauli hakuna. Hospitali itakayoanza itahitaji muuguzi mmoja ambaye hiyo ndiyo kazi yake, daftari linaloonyesha kila kichwa kimetoka kwa nani na kimekwenda kwa nani, na bajeti ndogo ya kumfuata mtoaji alipo ili achukuliwe damu. Pale ambapo vipimo vya chembe za urithi vya kirusi vinapatikana siku ya upasuaji, wizara inaweza kuweka kanuni ya muda mfupi zaidi wa kusubiri. Kanuni hiyo, pamoja na fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na bibi mwenyewe na wanawe waliomleta, inaweza kuandikwa hata kabla jokofu la kwanza halijawashwa.